Kutoka Biashara Street Hadi Ngomeni

Kimojawapo cha vitabu vya kale kabisa vinavyoutaja mji wetu wa Mombasa hakikuandikwa Mombasa, wala Lamu, wala Maskati. Kiliandikwa Palermo, mji wa bandari katika kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia. Mwandishi wake alikuwa Sharifu al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyekuwa katika baraza la Mfalme Roger wa Pili, na kazi yake ilikamilika mwaka 1154. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika pwani hii. Alikusanya habari kwa mabaharia na wafanyabiashara, akaandika kuwa Manbasa ni mji mdogo wa Zanji ambao watu wake huchimba chuma na kuwinda chui. 

Mji huo wa Palermo nao una kisa chake. Waislamu waliutawala tangu mwaka 831 hadi 1072, na Ibn Hawqal, msafiri aliyeuzuru mwaka 973, aliandika kuwa misikiti yake ilizidi 300. Mgeni aendaye huko leo huoneshwa kasri la Zisa, ambalo jina lake limetokana na neno la Kiarabu al-Aziza, na ndani yake mna makumbusho ya sanaa ya Kiislamu. Huoneshwa pia nguzo moja ya kanisa kuu iliyochongwa aya ya Qur'ani. Wenyeji wa huko wamevihifadhi vitu hivyo vizuri, na wanastahili kushukuriwa. Lakini ni vitu vya kutazamwa. Misikiti ile aliyoihesabu Ibn Hawqal haisaliwi tena.

Sisi tunao mji wa kale ambao bado una wenyewe. Adhana inasikika katika misikiti ileile waliyosali mababu, na nyumba zenye milango ya nakshi bado zinapikwa, zinafagiliwa na kuozewa mabanati. Hata hivyo wageni wa meli na wa mahoteli wanaujua mji huo kuliko watoto wetu wengi. Wiki hii basi tunaziomba familia zetu zifanye matembezi ya asubuhi moja. Hayahitaji gari. Yanahitaji viatu vya kawaida, chupa ya maji, na mzee mmoja mwenye kumbukumbu.

Tunapendekeza muanzie Biashara Street, kwa kuwa kila nyumba inaijua. Hakuna harusi, arubaini wala Idi isiyopitia mtaa huu. Maduka ya leso yamepangana pande zote mbili, na vibarazani wamekaa washonaji na vyerehani vyao wakipinda leso palepale huku mteja anasubiri. Mama akichagua doti anatazama mambo matatu: pindo, mji na jina. Mji ndio ile sehemu ya katikati iliyozungukwa na pindo, na jina ni yale maneno yaliyoandikwa chini yake. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake twazijua kwa chapa ya Mali ya Abdulla, hutaja mwaka 1887 kuwa mwaka wa kuanzishwa kwake. Majina ya leso za mwanzo yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kwani ndizo herufi walizosoma watu wa pwani chuoni. Herufi za Kizungu zilikuja baadaye. Mwenye bibi aliyehifadhi leso ya namna hiyo sandukuni ana kitu kinachostahili kabati la makumbusho.

Neno lenyewe, leso, ni la Kireno. Asili yake ni kitambaa cha mkononi, na inasimuliwa kuwa wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo kwa jora, wakavikata sita sita na kuviunganisha kuwa vazi moja. Waambieni watoto habari hiyo mkiwa bado dukani, kwa kuwa mnakoelekea ni kwa Wareno hao hao.

Vukeni Digo Road kwa uangalifu, mpite kando ya Marikiti, ambako harufu ya iliki, bizari na pilipili inawatangulia, kisha muingie vichochoro vya Mji wa Kale. Hapo mwendo hupungua wenyewe. Njia ni nyembamba kwa makusudi, ili ukuta wa nyumba hii uitie kivuli nyumba ile na upepo wa bahari upite katikati. Mkiuliza Ndia Kuu, mtaoneshwa. Ifuateni upande wa kusini nanyi mtatokea uwanjani, mbele ya ukuta wenye rangi ya machungwa yaliyoiva, ambao sisi tumezoea kuuita Ngomeni.

Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593. Aliyechora ramani yake alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, mjenzi wa ngome aliyetumikia mfalme wa Ureno katika Bahari ya Hindi; alifariki Goa miaka michache baadaye. Ukiitazama ramani kutoka juu utaona umbo linalofanana na mtu aliyelala chali. Mwaka 2011 Shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wakenya hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, na watoto kidogo zaidi, kwa hivyo kisingizio cha gharama hatukikubali upesi.

Kabla ya kuingia, inueni macho. Juu ya lango pana jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1639. Aliyeyaweka ni kapteni Francisco de Seixas Cabreira, aliyeikarabati ngome, na ndani yake anajisifu kuwa aliirudisha pwani chini ya utii, akamtoza kodi mfalme wa Manda, na akaziadhibu Pate, Siyu na Pemba. Watembezaji wengi hulipita jiwe hilo wakikimbilia mizinga. Sisi twaona ndilo linalofaa kusomwa kwanza, maana linajibu swali ambalo mtoto yeyote atauliza: watu hawa walikuja kufanya nini?

Na linamjibu mtu maalumu ingawa halimtaji kwa jina. Miaka minane kabla ya jiwe hilo, mwezi wa Agosti 1631, Sultani Yusuf bin Hassan aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, na ngome ikawa mikononi mwa Mombasa. Baba yake, Sultani Hassan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Mtoto akachukuliwa Goa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, akalelewa kwa desturi zao, kisha akarudishwa mwaka 1626 kuwa mfalme mtiifu. Alirudi katika Uislamu. Wareno walileta merikebu kutoka Goa wakashindwa kumtoa, lakini yeye naye hakuweza kukaa. Mwaka 1632 aliondoka Mombasa akaishia baharini na bandari za Bahari ya Shamu. Twawasihi wazazi wasikisimulie kisa hiki kama ushindi mtupu. Waliouawa siku zile hawakuwa askari peke yao. Walikuwamo wanawake na watoto. Kijana aliyenyang'anywa baba, jina na dini, kisha akatarajiwa kushukuru, ni kisa kizito, na watoto wakubwa wanaweza kukibeba wakisimuliwa kwa uadilifu.

Ndani ya ngome nendeni polepole. Katika makumbusho mna vyungu na sahani zilizochimbuliwa katika miji ya kale ya pwani kama Gedi na Ungwana: vya Kichina, vya Kiajemi, na vya udongo wetu wenyewe. Vimo pia vitu vilivyotolewa chini ya bahari kutoka merikebu ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchunguzwa na wapiga mbizi kuanzia 1977. Merikebu hiyo ilikuja kuwaokoa Wareno waliokuwa wamezingirwa. Watu wa Mombasa walikuwa wamemwomba Imamu wa Oman msaada, na mazingira yalianza Machi 1696 yakaendelea hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Maradhi na njaa viliua zaidi kuliko risasi. Kuna wakati Wareno waliobaki ndani walikuwa wachache mno hata uongozi ukamwangukia Bwana Daud wa Faza, aliyekuwa upande wao pamoja na watu wake. Yaani Waswahili walikuwa ndani ya kuta na nje ya kuta. Tunalitaja hilo kwa sababu mara nyingi historia hii husimuliwa kana kwamba ilikuwa baina ya wageni wawili, na sisi tulikuwa watazamaji.

Ipo nyumba ya Waomani juu ya boma la San Felipe, yenye vito, majambia na mapambo, na upepo wake ni mzuri kwa wazee kupumzika. Vimo vipande vya ukuta ambavyo askari wa Kireno walichorea picha kwa makaa na rangi, merikebu nyingi zaidi ya kitu kingine, kama wafanyavyo watu waliochoka kuitazama bahari wakingoja kurudi kwao. Watoto huzipenda picha hizo kuliko mizinga. Wanaziona zimechorwa kama wanavyochora wao.

Jambo moja la lugha msilikose. Neno gereza, kwa maelezo ya wataalamu, limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ngome hii ilikuwa na kanisa ndani yake, na tangu mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela. Kuta zilezile zilibeba maana zote mbili. Ilitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 1958, ikachimbuliwa na James Kirkman, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1962 kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Mwaka mmoja baada ya hapo bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar, iliyokuwa ikipepea juu yake kwa ukanda wa pwani, iliteremshwa. Wazee walioiona kwa macho yao bado wamo baina yetu. Waulizeni wangali wapo.

Mkitoka ngomeni, ingieni barabara ya Sir Mbarak Hinawy. Aliyepewa jina hilo alikuwa Liwali, naye ndiye aliyeandika kitabu kuhusu al-Akida, yule Muhammad bin Abdallah aliyejifungia ngomeni akaasi, hata manowari za Waingereza zikaipiga ngome mizinga mwaka 1875. Ni nadra kumpata mtawala wa pwani aliyekaa kuandika historia ya mji wake kwa utulivu. Mwanazuoni mwenzake wa zama hizo, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, kwa Kiswahili, akiwahimiza Waislamu wa mji huu juu ya elimu na maisha yao. Karatasi kama hii unayoisoma ni mtoto wa karatasi zake.

Barabarani hapo mtaukuta Msikiti wa Mandhry, mweupe, wenye mnara mnene unaopungua juu. Unasemekana kujengwa mwaka 1570, na ikiwa ndivyo basi ni mkubwa kwa ngome yenyewe. Hapa hapana tikiti. Penye saa ya sala, salini. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja tu, jambo alilolikumbuka ni misikiti: ilikuwa ya mbao, imejengwa imara, na kwenye milango yake palikuwa na visima vifupi vyenye chombo cha kutekea, ili kila aingiaye aoshe miguu. Alisifu dini ya watu na unyofu wao. Mkitia udhu hapo mnafanya jambo ambalo mgeni aliliona na kuliandika karibu miaka 700 iliyopita, na tunadhani mtoto akiambiwa hivyo huku maji yako miguuni hatasahau.

Mbele zaidi ipo Leven House, iliyotazama bandari. Jina lake latokana na manowari ya Kapteni Owen, aliyepandisha bendera ya Waingereza mwaka 1824 kwa ombi la Mazrui waliomhofu Sayyid Said. Alimwacha Luteni Reitz kuangalia mambo. Akafa kwa homa mwaka huohuo, na jina lake ndilo tulitamkalo tukisema Port Reitz. Ulinzi huo haukudumu hadi mwisho wa 1826. Shukeni ngazi mwone Bandari ya Kale, ambako majahazi ya kaskazi yalileta tende, mazulia na masanduku, yakaondoka kwa kusi na boriti. Siku hizi shughuli ni chache, meli kubwa ziko Kilindini.

Sasa tuseme neno ambalo halimo katika vitabu vya watalii. Ngome ina serikali, ina sheria ya mwaka 2006, ina walinzi na bajeti. Nyumba za Ndia Kuu, Kibokoni, Mkanyageni na Kuze zina sisi. Nazo zinapungua. Sababu ya kwanza ni mirathi isiyomalizwa. Mzee anafariki, nyumba ni moja, warithi ni kumi na mmoja, wengine wako Jeddah na wengine Toronto. Kila mmoja ana fungu lake kwa haki ya sharia, lakini hakuna mwenye wajibu wa kuziba paa. Mvua mbili za masika zikipita juu ya boriti zilizo wazi, dari inashuka. Baada ya hapo anakuja mnunuzi, mlango wa nakshi unaondoka kabla ya nyumba kubomolewa, na pale panapanda ghorofa la vioo. Wazee wetu waliijua dawa ya jambo hili, nayo ni wakfu. Anayeweka nyumba yake wakfu akiwa hai, na nazir aliyeteuliwa vizuri, anawaepusha watoto wake na ugomvi na kuuepusha mtaa na pengo. Tunawaomba wenye nyumba wazungumze na Makadhi na Tume ya Wakfu mapema, si wakati wa matanga.

Sababu ya pili ni simiti. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo huvuta unyevu na kuutoa. Fundi akizipaka simiti, maji yanafungiwa ndani, chumvi inapanda, lipu inabanduka, na ncha za boriti zilizo ukutani zinaoza pasipo kuonekana. Mwenye nyumba huona amekarabati. Baada ya miaka michache gharama ni mara mbili. Chokaa ni ya taratibu na mafundi wake wamekuwa adimu, lakini wapo, na afisi ya kuhifadhi Mji wa Kale hutoa ushauri. Mkiwa katika matembezi yenu waoneshe watoto nyumba mbili zilizopakana, moja ya chokaa na moja ya simiti, wapapase kuta zote mbili kwa viganja. Tofauti itajulikana kwa mkono.

Adabu za njia hatuna haja ya kuwakumbusha watu wa Mombasa, ila simu za mkononi zimetusahaulisha. Baraza ni ya mwenye nyumba. Mkikaa, toeni salamu. Mlango hupigwa picha kwa idhini, na mlango ulio wazi haupigwi kabisa. Mkihitaji wa kuwatembeza, chukueni kijana wa mtaa na mkubaliane naye ujira mwanzo. Siku njema ni Jumamosi au Jumapili asubuhi, kabla jua halijakaza. Ijumaa baada ya saa tano muiache, misikiti ina wageni wake.

Nguzo ya Mbaraki hamtaifikia kwa miguu siku hiyo. Iko upande wa pili wa kisiwa, kando ya magofu ya msikiti wa kale, yataka tuktuk na nafasi yake yenyewe. Tutaiandikia toleo lijalo, inshallah, na msomaji aliye na picha yake ya zamani tunamwomba atuletee tuinakili na kumrudishia.